Kosa Lisilo na Mashine

Kiwandani tulimwita Jicho, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Alikaa mwisho wa ukumbi wa mashati, kwenye meza ndefu iliyomulikwa na taa za mirija, na kila shati tulilolishona lilipita mikononi mwake kabla ya kwenda kupigwa pasi. Analishika mabegani, analikung'uta, anapitisha kidole gumba kwenye kola, kwapani, kwenye matundu ya vifungo. Akiona mshono umeruka hasemi neno. Anabandika stika nyekundu yenye umbo la mshale na kukurudishia kazi yako mbele za watu. Mimi nilikuwa kitengo cha vifungo, na kama stika zile zingekuwa nishani, leo ningekuwa jenerali.

Halafu akawa wifi yangu. Kaka yangu, fundi bomba, alikuja kunichukua kazini siku moja ya mvua. Jicho akamtazama kuanzia kola mpaka pindo, akamwambia, "Umefunga vifungo upande." Kaka yangu ni mtu ambaye hata salamu huijibu baada ya kufikiri, lakini siku hiyo alicheka mpaka akasahau amekuja kumchukua nani. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimelowa chapachapa, na harusi ikafuata.

Naeleza haya ili mjue ni mtu wa namna gani. Kwa Jicho, kosa halitoki hewani. Likitokea mara moja anabandika stika. Likijirudia, anainuka kwenye meza yake na kulifuata lilikotoka. Kitu cha kwanza anachofanya ni kuzima mashine. Hapunguzi mwendo, anazima. Anatoa uzi, anatoa sindano, anatoa kitambaa. Halafu anarudisha kimoja kimoja, kila mara akishona kipande cha majaribio, mpaka chenye hatia kijitokeze chenyewe. Msimamizi alinung'unika kwamba anatuchelewesha, lakini sikumbuki siku aliyokosa kumpata mkosaji.

Tuliishi nyumba moja, mimi na mama vyumba vya mbele, wao na binti yao mdogo vyumba vya nyuma. Mimba ya pili ilikuwa imeanza kuonekana chini ya gauni aliponiita asubuhi moja kwenye mlango wa bafu, khanga imefungwa kiunoni, mkono umeshika titi la kushoto.

"Wifi, hebu gusa hapa."

"Niguse titi la mke wa mtu?"

"Gusa, acha mzaha."

Niligusa. Palikuwa na donge gumu, pana kuliko nilivyotarajia, na ngozi ya juu yake ilikuwa nyekundu na ya moto. Nikaondoa mkono haraka. Sikutaka asome usoni mwangu, lakini mtu anayeitwa Jicho utamficha nini?

Mama yangu, mkwe wake, hakubabaika hata kidogo. Alisema ni maziwa ya yule binti wa kwanza yaliyobaki na kuganda, ingawa binti mwenyewe alikuwa ameshaacha kunyonya zamani na sasa anagombania kijiko na baba yake. Akaanza kumkanda kwa kitambaa cha maji ya moto asubuhi na jioni. Donge likazidi kuvimba.

Daktari wa kwanza, wa zahanati iliyo karibu na kiwanda, alisema ni jipu. Akalipasua, akatoa usaha, akafunga bandeji na kumwambia baada ya siku chache atakuwa amelisahau. Kidonda kikajifunga juu, kikafunguka pembeni. Daktari wa pili akabadilisha antibiotiki, kisha akazibadilisha tena, halafu akakuna kidevu na kusema pengine ni kifua kikuu cha titi. Kaka yangu akauliza kama kifua kikuu si cha mapafu. Daktari akasema kinaweza kukaa popote. Wakampima, hawakukiona popote. Katikati ya yote hayo miguu nayo ikaanza mambo yake: vinundu vyekundu vikajitokeza kwenye miundi, vinauma ukivigusa, na vifundo vya miguu vikamkaza asubuhi akawa anatembea akishika ukuta. Titi na miguu vina undugu gani? Kila tuliyemuuliza alikuwa na jibu lake, na hakuna majibu yaliyofanana.

Ndipo tukapelekwa hospitali kubwa, kwa daktari mpasuaji. Huyo alimpima kimya, kwa vidole vya taratibu, akapapasa kwapa, akanawa mikono kwa muda mrefu.

"Lazima tuhakikishe si saratani," akasema.

Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia yake ya kazi. "Na mtoto, daktari?"

"Tusubiri kipimo. Ikiwa ni saratani, itabidi tukae tuzungumze kuhusu mimba."

Njiani kurudi Jicho aliweka mikono yote miwili tumboni na hakuiondoa mpaka tulipofika. Kuanzia siku hiyo, hata tulipokuwa tunazungumzia titi, tulikuwa tunamzungumzia mtoto. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kiasi kwamba nilishona vifungo vya mkono wa kushoto kwenye kola, na kwa mara ya kwanza Jicho aliliona shati langu la aibu akalipitisha bila stika. Hapo ndipo nilipojua mambo yamekuwa mabaya.

Walimchoma ganzi, wakaingiza sindano nene na kutoa vipande vya nyama vya kupeleka maabara. Tukakaa roho mkononi. Siku ya majibu tulikwenda kama ukoo mzima, na tukapokelewa na daktari mwingine, mwanamke mfupi, mtaalamu wa matiti, aliyekuwa anatafuta miwani yake huku ameiweka kichwani.

"Si saratani," alisema kabla hatujakaa.

Mama alipiga kelele mpaka muuguzi akachungulia. Kaka akakaa kwenye kiti cha daktari. Ni Jicho peke yake aliyebaki wima.

"Kama si saratani, ni nini?"

Daktari akataja jina refu la kigeni ambalo hata leo siwezi kulirudia bila kujiuma ulimi. Akalifafanua: ni ugonjwa adimu, uvimbe wa chembechembe ndani ya titi. Askari wa mwili wanalivamia titi ambalo halijawakosea. Unawapata zaidi wanawake walioshika mimba au kuzaa miaka ya karibuni. Vinundu vya miguuni navyo ni sehemu yake. Hauambukizi, na si kifua kikuu.

"Chanzo chake?"

"Hakijulikani."

"Hakijulikani na nani?"

"Na mtu yeyote, mama. Hata mimi."

Nilimwona wifi yangu akikunja uso vilevile anavyoukunja kwenye meza yake. "Daktari, hakuna kosa lisilo na mashine yake."

Daktari alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa jambo la ajabu na mgonjwa mchovu. Akaeleza kwamba wakati mwingine uvimbe huo unaachwa uishe wenyewe, lakini huu ulikuwa umeshatoboa ngozi na unazidi kuchimba, hivyo wangetumia vidonge vya kuutuliza, dozi ndogo kwa sababu ya mimba. Avinywe asubuhi baada ya kula. Asikose hata siku moja, na asiviache bila kumwona.

"Vitamdhuru mtoto?"

"Kwa dozi hii, na mimba ilipofika, faida ni kubwa kuliko hatari."

Kwangu hilo lilikuwa jibu zuri. Lakini mtu mwenye hofu hasikii sentensi nzima. Jicho alitoka pale ameshika neno moja tu, hatari.

Vidonge vilifanya kazi. Wekundu ulififia, donge likalainika, miguu ikaacha kuuma, akarudi kazini na stika zake, nasi tukamlaani kama zamani. Halafu mambo yakaanza kuvurugika tena, na safari hii yote kwa pamoja. Uso ukajaa na kuwa wa duara mpaka binti yake akamuuliza kama amemeza mpira. Usingizi ukapotea. Kiungulia kikamsumbua. Upande wa chini wa titi pakafunguka tundu jipya lililovuja maji ya manjano. Daktari alilitazama akasema hilo hutokea, tuvumilie. Jirani mmoja, asiyeulizwa, akasimulia kwamba shangazi yake alikunywa vidonge vya aina hiyo na mifupa ikawa chaki. Mama akasema ni kwa sababu tuliacha kukanda, akarudi na kitambaa chake cha moto. Mimi nikasema ni sidiria inayobana. Kaka yangu akachukua spana, maana kaka yangu akichanganyikiwa huenda kurekebisha bomba ambalo halijaharibika. Jikoni kwetu wiki ile hapakuvuja tone.

"Wifi," Jicho aliniambia tukiwa tunaanua nguo, "uso huu umetokana na vidonge au mimba?"

"Vidonge. Daktari si alisema?"

"Na kiungulia?"

"Mimba. Au vidonge. Mimi sijui."

"Na hili tundu? Na mtoto mbona jana hakucheza sana?"

"Labda alikuwa amelala. Na wewe ungelala angalau kidogo, ungetupumzisha."

Hakucheka. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja upya. Ningemtazama vizuri ningeuona ule uso wake wa kuinuka mezani, lakini nguo zilikuwa nyingi na mvua ilikuwa inakuja.

Nilichokiona siku zilizofuata ni vipande vipande. Aliacha kuvaa sidiria. Alimkatalia mama kitambaa cha moto, kwa heshima lakini kabisa, mama akanuna. Vidonge vya kuongeza damu nilivikuta juu ya kabati havijaguswa, nikamkemea, akasema vinamtia kichefuchefu. Alikula wali mweupe, maji, basi. Nilidhani ni vituko vya mimba. Nani angehesabu vituko vya mjamzito?

Tena alionekana mchangamfu mwanzoni. Alikuwa mtulivu kama mtu aliyekwisha kukata shauri. Kisha akaanza kutapika. Akalegea. Alisema viungo vyote vinamuuma kama amebeba mawe, na akisimama dunia inazunguka. Kaka akataka kumpeleka hospitali, akajibu, "Subiri kwanza, bado sijajua." Kaka akadhani anasubiri kliniki yake.

Alianguka kazini. Nilikuwa nimeinama kwenye mashine yangu nikasikia meza ikiburuzwa, halafu mtu akaita jina lake, lile la utani, kwa sauti ambayo si ya utani. Alikuwa amelala juu ya rundo la mashati aliyoyakataa, jasho jembamba usoni, mikono ya baridi. Msimamizi aliyezoea kunung'unika ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, analia waziwazi.

Hospitali kila mtu alikuwa na lake. Mmoja akasema malaria, mwingine upungufu wa damu, mwingine akasema wajawazito huanguka. Presha ilikuwa chini, sukari chini. Daktari wetu mfupi akaja akikimbia, miwani ikiwa safari hii mahali pake, akainama sikioni mwa Jicho.

"Mama, vidonge unakunywa?"

Jicho alifungua macho kidogo. "Nimezima mashine," akasema.

"Amesema nini? Anaweweseka?" daktari akauliza.

Watu wote pale ndani walitazamana. Katika chumba kile chote, chenye madaktari na wauguzi na mitungi ya oksijeni, nilikuwa peke yangu niliyeelewa kila neno.

"Haweweseki," nikasema. "Ameacha kila kitu. Vidonge vyako, vya damu, vyote. Kwa siku nyingi. Anataka aanze kurudisha kimoja kimoja ajue kipi kinamdhuru mtoto. Ndivyo anavyofanya kazini."

Daktari hakupoteza muda kumshangaa. Aliagiza sindano, wakamtundikia dripu, na huku mikono ikifanya kazi akanieleza. Mtu akivinywa vile vidonge kwa muda, mwili wake unazoea kuletewa, unaacha kujitengenezea wenyewe. Ukiviacha ghafla unabaki huna cha kuletewa wala chako mwenyewe. Vinapunguzwa polepole, wiki kwa wiki. Alikuwa ametuambia asiviache. Ni kweli, alituambia, lakini hata wa mafua huambiwa asiache dawa.

Kisha akaleta kile kipimo cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni. Kikakoroma. Akakisogeza. Kikakoroma. Kaka yangu, aliyefika na matope ya mtaro mpaka magotini, alishika chuma cha kitanda, na mama akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Daktari akakisogeza tena, chini kabisa, ubavuni, akakibonyeza, akasubiri. Nilimtazama Jicho. Macho yake yalikuwa wazi sasa, yamekodoka juu darini, na alikuwa amezuia pumzi ili asiharibu usikivu.

Halafu tukausikia. Mwendo wa haraka haraka, mdogo, wenye hasira.

Kaka yangu alikaa sakafuni palepale. Mimi nilitoka nje ya wodi nikalia kwa kelele kama mtu aliyefiwa, na nilikuwa na furaha.

Alipopata nguvu nilimsema. Nilimwambia maneno makali ambayo hata mumewe hakuthubutu kuyasema, kwamba mtoto si pindo la shati, kwamba angetuulia watu wawili kwa ujuaji wake, kwamba angalau angeniambia mimi. Aliniacha nimalize. Mimi huchukua muda kumaliza.

"Wifi," akasema, "huyu ananiambia jipu, huyu kifua kikuu, huyu saratani, huyu hajui. Mama anasema maziwa, wewe unasema sidiria. Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Kimoja tu, chenye uhakika. Kwani nimeomba kikubwa?"

Nilichukua chanuo nikaanza kumchana nywele, maana hilo nilikuwa nalijua.

Alirudishiwa vidonge, tukavipunguza kwa amri ya daktari, robo kwa robo, naye akavimeza kila asubuhi akiwa amefumba macho kama anakula kiapo. Tundu la chini lilijifunga. La pembeni halikujifunga. Daktari alisema huenda likafunga baada ya kujifungua, huenda lisifunge, na kwamba mtoto atanyonya titi la kulia bila shaka yoyote. La kushoto tutaona. Jicho alikwisha kulikatia tamaa. Alisema limekufa, limebaki kuning'inia tu.

Alijifungua mchana, mapema kidogo kuliko tulivyotarajia. Ni mvulana, mdogo, mwenye sauti inayozidi mwili. Mkunga alimfuta, akamgeuza huku na huku, akasema hana tatizo, akamweka titi la kulia. Akanyonya kama anadai haki yake. Mama alipiga vigelegele mpaka akaombwa atoke. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikitazama lile shavu dogo linavyofanya kazi, nikafikiri sasa yamekwisha.

Siku chache baadaye, bado tukiwa wodini kwa sababu ya udogo wa mtoto, mtoto ananyonya upande wa kulia, Jicho akanishika mkono kwa nguvu.

"Bandeji imelowa."

Nilitazama. Upande wa kushoto gauni lilikuwa na doa linalopanuka.

"Limerudi," akasema. "Wifi, limerudi. Wataniongezea vidonge, na huyu ananyonya. Nilijua tu."

Nilimwita mkunga. Akaja, akavuta pazia, akafungua plasta polepole. Hatukutaka kuangalia, sote wawili, tukaangalia. Kutoka kwenye kile kidonda kilichotutesa miezi yote, pale pembeni, mbali kabisa na chuchu, kulikuwa kunatoka kitu cheupe, kinachuruzika kwa mwendo uleule wa mtoto anavyovuta upande wa pili. Mkunga akafuta kwa pamba, akainusa, akaipeleka kwenye mwanga.

"Maziwa," akasema.

"Maziwa gani?" Jicho akauliza.

"Maziwa, mama. Ya mtoto."

"Yanatokaje hapo?"

"Kidonda kimegusa mfereji wa maziwa."

"Ni vizuri au ni vibaya?"

Mkunga aliweka pamba chini. "Mimi sijawahi kuona. Ngoja nimwite daktari."

Akaondoka na pazia likabaki linayumba. Jicho alitazama titi lake, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, na sikujua kama anataka kucheka au kulia, na nadhani hata yeye mwenyewe hakujua. Maziwa yaliendelea kushuka mbavuni mpaka kwenye shuka. Nilinyoosha mkono wenye pamba niyazuie, akanishika.

"Acha kwanza," akasema. "Acha yatoke."